Damu ikimwagika nyumbani, nani wa kusafisha?

Tunajua kwamba katika nyumba nyingi gazeti hili husomwa jioni, mtoto wa shule akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Mwezi huu tunaomba mtu mzima alisome kwanza peke yake. Habari yenyewe si ya kupendeza. Lakini baada ya yale yaliyowapata majirani zetu, tumeona kunyamaza ni kosa.

Habari ni hii. Mtu akiuawa nyumbani, au akijeruhiwa vibaya, au mama akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, au mzee anayeishi peke yake akifariki na watu wakagundua baada ya siku tatu, ile nyumba atasafisha nani? Na kama mnamlipa mtu aje kusafisha, mtajuaje kwamba ni mtu wa kuaminika?

GODORO LENYE KIRAKA CHA KITENGE

Usiku mmoja wezi waliingia katika nyumba ya jirani yetu, mama mjane mwenye watoto watatu. Kijana wake mkubwa aliamka akapambana nao. Wakamkata kwa panga. Sungusungu walifika, majirani tukambeba, lakini alifariki kabla hatujafika hospitali.

Asubuhi polisi walikuja, wakaangalia, wakaandika, wakasema sasa mnaweza kuingia. Kuingia kwenyewe ndiko kulikuwa kazi. Damu ilikuwa sakafuni, ukutani, kwenye chandarua, na godoro limelowa. Ndugu wa marehemu walikuwa njiani kuja matangani. Mama mwenyewe alishika fagio akataka kuingia, tukamzuia. Na sisi tuliomzuia, hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuingia badala yake.

Hapo ndipo walipotokea vijana wawili. Hatukuwaita, walikuja wenyewe. Wakasema wao ni mafundi wa kazi hiyo, eti walifanya kazi wakati wa Ebola kule Beni, na dawa wanayo. Walitaka shilingi 40,000, zote mkononi kabla ya kuanza. Tulichanga pale pale, wengine wakauza posho ili kutoa chochote. Hatukuuliza swali hata moja. Tunakiri.

Walifanya kazi muda usiofika saa moja. Walipotoka, nyumba ilinuka klorini hata macho yakawasha. Ile harufu kali tukadhani ndiyo usafi. Tukashukuru.

Siku ya tatu nzi walijaa ndani. Kumbe walimwaga maji mengi juu ya sakafu ya udongo, damu ikazama chini badala ya kutoka. Siku ya nne akina mama waliokwenda kufua walikuta matambara yenye damu yamenasa kwenye mawe ya kijito. Na katika wiki ya pili, mama wa marehemu alipita kijiji cha jirani akaona godoro limeanikwa juani mbele ya nyumba ya watu. Kwenye kona lilikuwa na kiraka cha kitenge cha manjano chenye picha za samaki. Kile kiraka alikishona yeye mwenyewe.

Alikaa chini pale pale barabarani. Mwenye nyumba, mama kijana mwenye mtoto wa miezi miwili, alitoka mbio akidhani mgeni ameugua, akamletea maji. Walipoanza kuzungumza ndipo yule mama kijana alipojua amenunua nini. Alilinunua kwa mchuuzi kwa shilingi 18,000. Mtoto alikuwa amelilalia siku nane. Kitambaa cha juu kilikuwa kimefuliwa vizuri, lakini tulipochana tulikuta sponji ya ndani ni nyeusi.

Mzee wa kijiji na sungusungu waliwatafuta wale vijana. Mmoja alirudisha sehemu yake ya hela, akakiri kwamba Beni hajawahi kufika. Wa pili hajaonekana mpaka leo. Godoro lilipelekwa kuchomwa kwenye tanuri la zahanati. Nesi aliangalia kadi ya mtoto, akaona ameshapata chanjo yake ya kwanza yenye kinga ya homa ya ini aina ya B, akamhimiza mama amalizie zote, na mama mwenyewe akapimwa. Na aliyempelekea yule mama kijana mkeka mpya wa kulalia alikuwa mama wa marehemu.

Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza: kwa waganga, kwa watu wa afya ya jamii, kwa wazee, na kwa wale ambao kweli walifanya kazi hii nyumbani Kongo. Tuliyoyapata tunawaletea hapa.

KWA NINI HUU SI UCHAFU WA KAWAIDA

Vumbi ukilifagia limekwisha. Damu, matapishi, choo cha mgonjwa na maji ya maiti yanaweza kuwa na vijidudu ambavyo macho hayavioni. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai ndani ya damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Virusi vya UKIMWI havidumu hivyo nje ya mwili, lakini wembe au sindano yenye damu ikikuchoma, hatari ipo. Kipindupindu kinakaa katika choo na matapishi. Ebola inakaa katika maji yote ya mwili, na mtu aliyekufa nayo anaendelea kuambukiza.

Sisi wakimbizi tumeyaona haya. Mwezi wa tano mwaka 2015, ndugu zetu wa Burundi walipokimbilia Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kiliwapiga wakiwa wamebanana ufukweni wanasubiri meli ya Liemba iwapeleke Kigoma. Watu wapatao 3,000 waliugua na zaidi ya 30 walifariki. Na kule Kivu Kaskazini na Ituri, Ebola iliyotangazwa mwezi wa nane mwaka 2018 ikaisha mwezi wa sita mwaka 2020 iliwapata watu 3,470, na 2,287 walifariki. Wengi wao waliambukizwa wakati wa kumuuguza mgonjwa, kumwosha marehemu au kusafisha alipolala. Waliumia kwa sababu ya upendo, si kwa uzembe.

KABLA YA KUMTAFUTA MTU

Kwanza, msiguse kitu mpaka polisi waseme. Kama mtu ameuawa au amepigwa, nyumba ile ni ushahidi. Ukisafisha mapema kwa nia njema, unaweza kumsaidia mwuaji bila kujua, au wewe mwenyewe ukaulizwa kwa nini ulikuwa na haraka. Subirini polisi wamalize, na ruhusa ya kuingia itolewe mbele ya mzee wa kijiji. Lakini majeruhi hasubiri usafi wala maneno mengi. Yeye apelekwe kutibiwa, na fomu ya PF3 ishughulikiwe polisi.

Pili, ondoeni watoto. Kuku na mbuzi pia. Fungeni mlango, mtu mmoja akae nje.

Tatu, pelekeni habari zahanati. Na hapa tunasema kwa herufi kubwa: KAMA MTU AMEKUFA KWA KUHARA NA KUTAPIKA, AU KWA HOMA YENYE KUTOKA DAMU, HAKUNA KUAJIRI MTU. Watu wa afya ndio wanaokuja, na dawa ni yao. Anayekuja kuwaambia kwamba anaweza kuwafanyia kimya kimya ili nyumba yenu isijulikane, mfukuzeni. Mficha maradhi kilio humfichua.

Hata kama ni ajali au mauaji tu, ulizeni kwanza wahudumu wa usafi na afya ya jamii. Mara nyingine wanaweza kuja, au kuwapa klorini na glovu, au kumtaja mtu waliyemfundisha. Kuuliza si ujinga. Sisi hatukuuliza, tukatoa 40,000.

MASWALI SABA YA KUMUULIZA FUNDI

Basi, tuseme mmekubaliana kumlipa mtu. Kabla hajagusa ndoo, muulizeni haya. Anayeijua kazi hatakasirika. Atafurahi.

1. Nani anakufahamu? Ataje nyumba mbili au tatu alizosafisha, au mhudumu wa afya aliyemfundisha. Halafu mtume mtu akaulize kweli. Karatasi yenye mhuri peke yake haitoshi, mihuri tunajua inavyotengenezwa.

2. Dawa unachanganya vipi? Huu ndio mtihani mkubwa. Kwa klorini ya unga inayoitwa HTH, jibu zuri ni hili: vijiko 10 vya chakula kwa dumu la lita 20 za maji, hiyo ni ya kuua vijidudu kwenye damu na sakafu. Kijiko 1 kwa lita 20, hiyo ni ya kunawa mikono iliyovaa glovu na hata mikono mitupu. Akisema "namwaga tu mpaka inuke", mwambieni asante, aende.

3. Utavaa nini? Glovu nene za mpira, buti za mpira, aproni ya plastiki, barakoa, na kitu cha kukinga macho. Anayekuja na kandambili atajiumiza mwenyewe, kisha atapeleka damu nyumbani kwake kwa watoto wake.

4. Taka zitakwenda wapi? Asiseme "nitajua mwenyewe". Aseme ni shimo gani, au tanuri gani, na nani amemruhusu. Mmoja wenu amfuate mpaka mwisho.

5. Utabeba nini? Andikeni orodha ya vitu vya nyumba ile kabla hajaanza: godoro moja, chandarua kimoja, mablanketi mawili, sufuria, kadi ya posho, simu. Kinachotupwa kiandikwe kimetupwa. Godoro au nguo inayotupwa ichanwe vipande mbele ya familia ili isiuzwe. Kama tungechana lile godoro siku ile ile, mtoto wa watu asingelilalia.

6. Bei ni kiasi gani, na inalipwa lini? Bei isemwe yote mwanzoni, iandikwe, mashahidi wawili wawepo. Nusu kabla, nusu baada ya kuingia na kuangalia. Akishaanza halafu akadai nyongeza, mzee wa kijiji aamue.

7. Utanyamaza? Mtu anayesafisha nyumba ya msiba anaona mambo ya ndani ya watu. Asipige picha kwa simu. Asikae kwenye kibanda cha chai akasimulia. Mkimsikia anawasimulia nyinyi habari za nyumba aliyosafisha wiki iliyopita, jueni wiki ijayo atasimulia yenu.

Na la kuongeza: mwogopeni mtu anayekuja bila kuitwa huku mnalia. Msiba una huruma nyingi na akili kidogo, na matapeli wanalijua hilo. Haraka haraka haina baraka. Nyumba iliyofungwa inaweza kusubiri nusu siku mpaka apatikane mtu sahihi.

KAZI NZURI INAVYOKWENDA

Ni vizuri familia ijue hatua zenyewe, hata kama haitashika ndoo. Mtu mmoja wa ukoo, asiwe yule mwenye uchungu zaidi, asimame mlangoni aangalie.

Mlango na madirisha hufunguliwa kwanza. Unga wa klorini hutiwa ndani ya maji, si maji juu ya unga, na hutumika ndoo ya plastiki, si ya bati. Dawa ya leo ni ya leo, kesho ichanganywe nyingine kwa sababu nguvu hupotea, hasa juani.

Kisha anaangalia kama kuna kitu chenye ncha: kisu, wembe, chupa iliyovunjika, sindano. Anaviokota kwa koleo au kijiti, si kwa vidole, anavitia kwenye kopo gumu lenye kifuniko. Kama polisi hawajakichukua kisu au panga, asimame hapo hapo, waitwe tena.

Damu haifagiliwi ikiwa kavu, kwa sababu vumbi lake huruka. Inafunikwa kwa matambara, inamwagiwa polepole ile dawa ya vijiko 10, inaachwa dakika 10 mpaka 15. Usimwage kwa kurusha wala kwa nguvu. Baada ya hapo matambara yanakusanywa kwenye mfuko. Kisha mahali pale panaoshwa kwa maji na sabuni, panafutwa, na dawa inapakwa mara ya pili, dakika 10 mpaka 15 tena. Mara ya pili ni ya lazima. Damu na uchafu hula nguvu ya klorini, kwa hiyo ile ya kwanza yote huishia juu juu. Mafundi wetu wawili walipaka mara moja wakaondoka.

Sasa, sakafu zetu nyingi si saruji. Udongo unakunywa. Pale damu ilipozama, baada ya dawa, udongo wenyewe unachimbwa kwa jembe mpaka ufikie udongo safi usio na rangi wala harufu. Unaozolewa unafukiwa kwenye shimo refu, mbali na kisima, bomba au kijito, angalau mita 30. Halafu sakafu inajazwa na kukandikwa upya. Ukuta wa matofali mabichi nao ni hivyo hivyo: unakwanguliwa ukiwa umelowa dawa, si mkavu, kisha unapigwa udongo mpya. Fundi anayewaambia kwamba sakafu ya udongo inatosha kupigwa deki hajui kazi.

Nguo na mablanketi yasiyolowa sana hutolewa uchafu, hulowekwa kwenye dawa ya kijiko 1 kwa dakika 30, husuuzwa, hufuliwa kwa sabuni, huanikwa juani. Rangi inaweza kufifia. Godoro la sponji lililolowa damu halifuliki, tusidanganyane. Linakwenda kuharibiwa. Lakini msilichome uani: moshi wa sponji ni sumu, na paa za nyasi na maturubai zetu zimekaribiana. Ulizeni zahanati kama tanuri lao litalipokea.

Mwisho fundi anaosha buti na glovu zake kwa dawa, anavua, ananawa mikono kwa sabuni. Asitoke na buti zenye damu kupita katikati ya watoto.

Nanyi mkiingia kuangalia, msitegemee pua. Harufu ya klorini haisemi kitu. Angalieni chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kwenye nyufa, chini ya kizingiti. Rudini tena baada ya siku tatu: hakuna nzi, hakuna harufu, ndipo nusu ya pili ya hela itoke. Mkubaliane hivyo mapema.

KAMA NI DAMU KIDOGO

Si kila tone la damu linahitaji fundi. Mtoto ameanguka, mtu amejikata na kisu jikoni, hayo mnayaweza wenyewe kwa glovu au mfuko wa plastiki mkononi, tambara, sabuni na dawa. Kama hamna HTH na mmenunua klorini ya maji ya dukani, someni chupa. Ikiandikwa asilimia 3.5, kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 6 vya maji. Ikiandikwa asilimia 5, kikombe 1 kwa vikombe 9. Chupa isiyo na maandishi msiiamini.

Klorini msiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, wala msiimwage juu ya mkojo uliotuama mahali pasipo na hewa. Inatoa hewa inayochoma kifua. Na iwekwe mbali na watoto, si kwenye chupa ya soda.

Mtu akichomwa na kitu chenye damu, au damu ikamwingia machoni, asikamue, asinyonye. Aoshe kwa maji mengi, kidonda kwa maji na sabuni, aende zahanati siku ile ile. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zikianzwa mapema, na baada ya saa 72 hazipewi tena. Usione haya. Wanaoona haya ndio wanaochelewa.

NDUGU ZETU WALIOKO MAREKANI

Baadhi yenu mna ndugu waliokwisha kuhamia Marekani, na tumeambiwa nao yanawapata. Huko hakuna mzee wa kijiji wala majirani wa kuchanga. Polisi wakimaliza kazi yao wanaondoka, na usafi unabaki kwa mwenye nyumba au familia. Kuna kampuni zinazofanya kazi hii tu, na bei yake inaweza kumtisha mtu.

Wakipiga simu kuuliza, waambieni haya. Kwanza waongee na mwenye nyumba kama wamepanga, na waulize kama kuna bima, kwa maana bima nyingi za nyumba hulipia. Pili, kila jimbo lina mfuko wa fidia kwa waliofanyiwa uhalifu, na katika majimbo mengi mfuko huo husaidia kulipia usafi mpaka kiwango fulani. Waulize polisi au ofisi ya mwendesha mashtaka, kuna mtu wa kuwasaidia waathirika, na waombe mkalimani. Tatu, kampuni ieleze bei kwa maandishi kabla ya kazi, kitu kimoja kimoja. Wasisaini karatasi wasiyoielewa, hasa ile inayompa mtu mwingine haki ya kudai bima yao. Nne, waulize mafunzo. Tangu mwaka 1991 kuna kanuni ya nchi nzima inayomtaka mwajiri ambaye wafanyakazi wake wanagusa damu awape mafunzo, vifaa vya kinga, na chanjo ya homa ya ini B bila malipo. Majimbo mengine yameongeza yao: California, kwa mfano, inataka wanaofanya kazi hii wasajiliwe na idara ya afya ya jimbo. Kampuni nzuri itaonyesha karatasi zake, na itaonyesha pia taka zilipelekwa wapi.

Mnaona wenyewe: Marekani au kambini, maswali ni yale yale. Nani anakufahamu, unajua kazi, taka zinakwenda wapi, bei ni ipi, utanyamaza?

MWENYE MSIBA ASISHIKE FAGIO

Tumemaliza mambo ya dawa na ndoo. Limebaki moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Kwetu tuna desturi kwamba mwenye msiba hapiki. Majirani wanapika, wanachota maji, wanapasua kuni. Lakini ikifika kwenye damu, tunarudi nyuma. Matokeo yake ni kwamba mama anafagia damu ya mwanawe, au mtoto wa miaka kumi na mbili anaosha alipofia baba yake. Tumewaona watoto wa namna hiyo. Wanakaa kimya darasani, usiku wanashtuka. Nyumba inaweza kusafishwa ikang'aa, na mtoto aliyeisafisha akabaki na ile picha miaka mingi. Mkimwona mtoto au mtu mzima wa namna hiyo, msimwambie "sahau". Mwambieni pole, kaeni naye, na mumpeleke kwa washauri wa afya ya akili.

Na wale wanaokubali kufanya kazi hii tusiwakimbie. Kuna watu kambini wanaitwa majina mabaya, watoto wao wanachekwa kwa sababu baba yao "anaosha damu". Hiyo ndiyo sababu watu wazuri wanaikataa kazi na kuwaachia matapeli. Tukitaka mafundi waaminifu, tuwape heshima na tuwalipe wanachostahili.

Katika kijiji chetu, baada ya lile godoro, tulikaa chini ya mti na mzee wa kijiji. Tulikubaliana mambo matatu. Wamechaguliwa watu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, wafundishwe na watu wa afya. Majina yao yako kwa mzee. Kila nyumba itatoa kidogo kila mwezi wakati wa posho, wasio nacho wasidaiwe, ili zinunuliwe glovu na buti, ziwekwe kwenye sanduku lenye funguo mbili. Na anayetaka kusafisha nyumba ya msiba kwa malipo lazima aanzie kwa mzee, si kwa mfiwa.

Buti tumepata jozi mbili mpaka sasa. Glovu bado. Lakini mwezi uliopita mzee mmoja anayeishi peke yake alifariki, akaonekana siku ya pili. Wale wanne walikwenda. Walifanya kazi tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, wakachimba sakafu, wakaikandika. Mwanawe alipofika kutoka kambi nyingine alikuta nyumba iko wazi, ina hewa, na fimbo ya baba yake imeegemezwa ukutani, imeoshwa. Aliishika tu, akakaa nayo.

Vijiji vingine mmejipangaje? Tuandikieni, au mtume mtoto na karatasi, tutachapisha mwezi ujao. Na ukurasa huu mkatieni mzee wenu wa kijiji, aubandike mahali pa kuchotea maji.

Poleni nyote mliofiwa mwezi huu. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.